Kimea kwa Kuku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuotesha Nafaka na Kuchanganya Chakula Nyumbani

Humu "kimea" ni nafaka iliyoloweshwa ikaanza kuota, mzizi ukiwa umechungulia au umefika kama sentimita moja. "Majani ya trei" ni nafaka hiyohiyo ikiachwa siku sita hadi nane mpaka inakuwa mkeka wa kijani wenye mizizi iliyoshikana. Watu huvichanganya viwili hivi, kisha wanashangaa kwa nini ushauri wa mmoja haumfai mwingine.

Kilo moja ya nafaka inatoa kilo sita za majani. Je, si nimepata chakula cha bure?

Umepata maji. Nafaka kavu ina maji asilimia 12 hivi, ilhali majani ya trei ya siku saba yana maji zaidi ya asilimia 80. Uzito ulioongezeka umetoka kwenye bomba.

Kuna zaidi ya hapo. Mbegu inapoota hula akiba yake yenyewe. Wanga huvunjwa kuwa sukari, na sehemu ya sukari huunguzwa ili mzizi na chipukizi vipate nguvu ya kutoka. Kilichoungua hupotea kama hewa ya kaboni na joto. Ingiza vidole katikati ya ndoo ya shayiri usiku wa siku ya pili, utalisikia joto hilo mwenyewe. Ukitaka kuhakikisha, pima kilo moja ya ngano, ioteshe siku saba, kisha anika kila kitu, mizizi na majani, hadi kikauke kabisa, halafu rudisha kwenye mizani. Hutaiona kilo yako.

Asilimia ya protini huonekana imepanda, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Wanga umepungua, kwa hiyo protini ileile inaonekana nyingi ndani ya kile kilichobaki. Anayekuahidi kwamba trei za majani zitakata nusu ya gharama ya chakula cha kuku huenda anauza trei.

Basi naoteshea nini?

Kwa ajili ya ubora. Punje kavu hufunga sehemu kubwa ya fosforasi yake, pamoja na zinki na chuma, ndani ya asidi ya faitiki, na kuku hana uwezo mkubwa wa kuifungua. Mbegu ikianza kuota huamsha vimeng'enya vinavyoivunja, na madini hayo yanaanza kupatikana. Vitamini nazo huongezeka, na chipukizi likipata mwanga hutengeneza rangi zile zinazofanya kiini cha yai kiwe cha njano iliyokolea. Shayiri hufaidika zaidi kuliko nafaka nyingine: ikiwa kavu ina nyuzinyuzi zinazovimba na kunata tumboni, ndiyo maana vifaranga wakilishwa nyingi hupata kinyesi cha kunatanata. Kuota kunazipunguza.

Halafu kuna faida isiyoingia kwenye hesabu. Kuku waliofungiwa bandani hawana kazi, na kuku asiye na kazi huanza kudonoa mkia wa mwenzake. Mwaga kimea kwenye matandazo saa nane mchana, uone wanavyochakura hadi jioni.

Kimea cha siku tatu au majani ya siku saba, kipi bora?

Kwa kuku, kimea cha siku tatu au nne. Majani ya trei yaliandaliwa zaidi kwa wanyama wanaocheua, kama ng'ombe na mbuzi, ambao tumbo lao linaweza kuvunja nyuzinyuzi. Kuku hana tumbo hilo. Atadonoa ncha za majani, atakula punje zilizobaki, na mkeka wa mizizi atauacha ukauke. Siku ya tatu hadi ya nne umeshapata karibu faida yote ya kuota na hujapoteza wanga mwingi.

Majani ya trei yana nafasi yake pale ambapo hakuna kijani kingine chochote. Ukiyatoa, katakata vipande vifupi na hakikisha kuku wana changarawe ndogo za kusagia chakula kwenye firigisi. Nyuzi ndefu zinaweza kujisokota na kuziba gole, ule mfuko ulio chini ya shingo.

Nafaka gani huota vizuri?

Ngano na shayiri ndizo rahisi kuliko zote: zinaota kwa pamoja, kwa haraka, na hupenda joto la kawaida la nyuzi 18 hadi 24. Uwele ni mzuri pia. Mahindi yanaota, ila punje ni kubwa, yanachukua muda, yanataka joto zaidi na hushikwa na ukungu kirahisi. Binafsi nayaacha yabaki makavu na kusagwa, kazi ambayo yanaifanya vizuri sana. Mpunga huota polepole. Mchele hauoti kabisa kwa sababu kiini chake kimeondoka na pumba.

Choroko na dengu huota vizuri na kuku wanazipenda, lakini toa kidogo. Maharage ya kawaida usiyaoteshe kwa ajili ya kuku: yakiwa mabichi yana sumu ambayo huondolewa kwa kuchemshwa sawasawa, na kuota hakuiondoi.

Kabla ya kununua gunia, fanya jaribio dogo. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, subiri siku tatu. Zikiota chini ya 85, tafuta nafaka nyingine. Punje zisizoota ndizo zinazooza na kuwaharibia wenzake.

Na mtama? Ninao mwingi.

Mtama usioteshe. Narudia kwa sababu ni swali linalokuja kila mara, na kosa hili linaua.

Mtama mkavu ni chakula kizuri cha kuku. Ukianza kuota, chipukizi na mzizi wake hutengeneza kiasi kikubwa cha dhurini, kemikali ambayo ikitafunwa na kuloweka tumboni huachia sianidi. Ni sababu ileile inayowafanya wafugaji wawazuie ng'ombe wasiingie kwenye shamba la mtama mchanga. Kusuuza hakusaidii, kwani sumu iko ndani ya mmea. Kama mtama ndio ulio nao, usage mkavu na uutie kwenye mchanganyiko. Mtama mwekundu wenye ladha ya ukakasi usizidishe, maana tanini zake hupunguza uwezo wa kuku kutumia protini.

Naweza kutumia mbegu za kupandia zilizobaki?

Hapana. Mbegu nyingi za kupandia zimepakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, na kwa kawaida hutiwa rangi ya waridi, kijani au buluu ili mtu asizile. Rangi ikioshwa haina maana dawa imetoka.

Nionyeshe namna ya kuotesha, hatua kwa hatua.

Chukua ndoo mbili za plastiki zinazoingiliana. Ya ndani itoboe kitako kwa msumari uliopashwa moto, matundu mengi madogo, ukitoboa kutoka ndani kwenda nje ili kingo kali zisibaki ndani na kukuchana vidole wakati wa kuosha. Matundu yawe madogo kuliko punje. Ndoo ya nje inapokea maji.

Osha nafaka mara mbili tatu, engua makapi na punje zilizovunjika zinazoelea. Loweka kwa saa 12, maji yakizidi nafaka kwa kina cha kiganja, maana itavimba. Usipitishe saa 24. Mbegu inapumua, na ikikaa majini muda mrefu inakosa hewa na kuanza kuchacha.

Mwaga maji, acha nafaka kwenye ndoo yenye matundu, funika kwa kitambaa chepesi. Kitambaa, si mfuniko. Mimi niliwahi kufunika ndoo kwa mfuniko wake ili panya wasiingie, nikasafiri siku mbili. Niliporudi harufu ilinipokea mlangoni, na ndani nilikuta kitu kama uji uliochacha. Panya wazuie kwa wavu.

Kuanzia hapo suuza asubuhi na jioni kwa maji safi, na mchana pia kukiwa na joto kali. Kila ukisuuza, tikisa ndoo au geuza nafaka kwa mkono safi hadi zile za chini zije juu, halafu iache ijichuje kabisa. Kusuuza kunafanya kazi mbili: kuleta unyevu na kuondoa joto. Tabaka lisizidi sentimita tano hivi, vinginevyo katikati panachemka.

Siku ya pili utaona doa jeupe kwenye ncha ya kila punje. Siku ya tatu doa limekuwa mzizi. Siku ya nne chipukizi linafuata. Siku ya mwisho weka ndoo mahali penye mwanga, lakini pasipo jua kali, ili chipukizi liwe kijani. Kilichooteshwa gizani tupu hubaki cha manjano hafifu.

Ukitaka kimea kila siku, unahitaji ndoo nne au tano zinazofuatana: kila asubuhi moja inalowekwa, moja inaliwa, na iliyoliwa inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa juani kabla haijarudi kazini. Hatua hii ya kuosha watu huiruka, kisha wiki ya tatu wanalalamikia ukungu.

Nimeona manyoya meupe kwenye mizizi. Ni ukungu?

Mara nyingi si ukungu. Mzizi mchanga huota vinyweleo vyeupe, laini kama vumbi la pamba, vikiuzunguka mzizi pande zote kwa usawa. Mwagia maji: vinyweleo hulala na kupotea machoni, kisha vinasimama tena baada ya saa chache.

Ukungu hausikii maji. Hutanda kama utando wa buibui kutoka punje moja hadi nyingine, huanzia kwenye punje zilizokufa, na baadaye huwa wa kijivu, kijani au mweusi. Pua nayo ina kazi yake. Kimea kizuri kinanukia kama nyasi zilizokatwa. Kikinuka pombe, siki au kitu kilichovunda, au kikiteleza mkononi kama sabuni iliyolowa, kimeharibika.

Ukungu uko upande mmoja tu. Si nitoe huo nibakize mwingine?

Usifanye hivyo. Unachokiona ni sehemu iliyokwisha kuzaa. Nyuzi zake zimeshapita kwenye punje ambazo bado zinaonekana safi. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, na mojawapo, aflatoksini, huharibu ini la kuku, hushusha utagaji na haiondoki kwa kuchemsha wala kuanika. Vumbi la ukungu wenyewe likivutwa puani huwapa vifaranga ugonjwa wa mapafu. Tupa ndoo nzima, na usiitupe mahali ambapo kuku watachakura.

Sheria hiyohiyo ni ya nafaka kavu. Mahindi yaliyovunda hayasafishwi kwa kuoteshwa. Unyevu ndio uliokuwa unakosekana ili kuvu waendelee.

Kuku mmoja apewe kiasi gani?

Gramu 20 hadi 30 za kimea kibichi kwa siku, juu ya chakula chake cha kawaida. Kuku wa mayai mwenye mwili wa wastani hula gramu 100 hadi 120 za chakula kikavu. Nafaka kavu ikifika siku ya tatu au ya nne huwa na uzito kama mara mbili, kwa hiyo kwa kuku kumi loweka gramu 150 kila siku. Unapoanza, wape kidogo na upandishe taratibu kwa wiki nzima.

Wape chakula kikavu asubuhi, kimea baadaye mchana. Ukianza na kimea, gole linajaa maji, na chakula chenye protini na madini hakipati nafasi.

Naweza kuacha kabisa chakula cha kuchanganya nikawapa kimea peke yake?

Hapana. Kimea ni kitoweo. Kuku wa mayai anahitaji protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu karibu asilimia 4. Ngano ikiota hata isipoota, kalsiamu yake ni chini ya asilimia 0.1. Gamba la yai moja lina kalsiamu kama gramu 2, na kuku huinyonya sehemu tu ya ile anayokula. Asipoipata kwenye chakula ataichukua kwenye mifupa yake, na utaanza kuona mayai yenye gamba laini, kisha kuku asiyeweza kusimama.

Mchanganyiko mmoja wa kuku wa mayai, kwa kilo 100, ni huu: mahindi yaliyobarazwa kilo 56, soya nzima iliyokaangwa na kusagwa kilo 20, mashudu ya alizeti kilo 8, dagaa waliosagwa au unga wa samaki kilo 5, chokaa kilo 9, DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1.2, chumvi kilo 0.3, na premiksi ya kuku wa mayai (vitamini na madini vilivyochanganywa tayari) kilo 0.5. Unafika kwenye protini ya asilimia 17 hivi.

Mambo manne kuhusu orodha hiyo. Chokaa inayotajwa ni mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa ajili ya mifugo, si ile ya kupaka ukuta, ambayo huunguza. Premiksi za kampuni tofauti zina vipimo tofauti, hivyo fuata maandishi ya mfuko wako na urekebishe mahindi kufidia. Dagaa wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, punguza au ondoa chumvi. Ikizidi kuku huharisha maji na hata kufa. Na vile vitu vidogo, yaani premiksi, chumvi na DCP, usivimwage moja kwa moja kwenye rundo. Vichanganye kwanza na kilo mbili tatu za unga wa mahindi, kisha mchanganyiko huo na kilo kumi, ndipo uende kwenye rundo lote kwa koleo, ukiligeuza mara nne tano. Vinginevyo kuku mmoja atakula vitamini za wiki nzima na wenzake hawatapata hata chembe.

Changanya chakula cha wiki mbili tu. Soya na samaki wana mafuta, na mafuta yaliyosagwa huchacha. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Nimeshaiotesha soya. Bado niikaange?

Ndiyo. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tumbo la kuku kusaga protini. Kuota kunavipunguza kidogo, moto ndio unaovimaliza. Ichemshe nusu saa tangu maji yaanze kutokota kisha uianike, au ikaange kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuacha hadi iwe ya kahawia hafifu na inukie kama karanga. Ikiwa nyeusi umeiunguza, na lisini, sehemu muhimu ya protini, imeharibika pamoja nayo. Sioni sababu ya kuiotesha kwanza.

Vifaranga nao?

Wiki mbili za kwanza waache na chakula chao cha vifaranga. Baada ya hapo unaweza kuwatupia kidogo, kilichokatwa vipande vidogo, pamoja na changarawe laini. Usiwape mchanganyiko wa kuku wa mayai hapo juu: kalsiamu nyingi kiasi hicho huharibu figo za ndege ambao hawajaanza kutaga.

Kuku wa nyama?

Sishauri. Anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, na kila nafasi ya tumbo lake ina kazi. Ukiijaza maji unachelewesha uzito.

Naweza kuchanganya kimea ndani ya chakula kikavu kwenye gunia?

Usijaribu, labda kwenye bakuli la mlo mmoja. Chakula cha unga kikipata unyevu huanza kuchacha siku hiyohiyo. Kimea kipe chombo chake, na kinachobaki jioni kiondoe.

Nimeanza kutoa kimea na mayai yamepungua. Kwa nini?

Pima chakula kikavu wanachokula sasa. Karibu kila mara utakuta kimepungua sana kwa sababu kimea kimezidi, nacho hukipenda kuliko unga. Rudi kwenye gramu 20 na ukitoe mchana. Weka chombo cha pembeni chenye magamba ya chaza yaliyopondwa, kila kuku ajichukulie kadiri ya haja yake. Kama kiwango kilikuwa sahihi, angalia mahali pengine: maji ya kunywa, minyoo, kunyonyoka manyoya kwa msimu, au mwanga, kwa sababu kuku wa mayai hutaga vizuri wakipata saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku.

Kinyesi kuwa chepesi kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Chenye damu, au kuku akijikunja na kukataa kula, hilo si suala la kimea. Mwite daktari wa mifugo.

Kimea kimenizidi. Nikihifadhije?

Kichuje hadi kisidondoke, kieneze kwenye chombo kipana, funika kwa kitambaa na ukiweke kwenye friji. Kitakaa siku mbili au tatu, kwani baridi hupunguza kasi ya kuota bila kuisimamisha. Kama huna friji, endelea kukisuuza na uache kigeuke majani ya trei. Siku ya sita kikate kwa kisu kama unavyokata keki, na kila banda lipate kipande chake.